Fungu la Anayebaki

Alikuwepo mwanamume mwenye wake wawili, nyumba mbili na ghala moja. Jina lake Mchome. Mke mkubwa, Bi Nakijwa, alikuwa na nyumba yake juu mlimani, penye migomba na tangawizi na ukungu wa asubuhi. Mke mdogo, Bi Zubeda, alikuwa na yake chini tambarare, karibu na barabara, penye mahindi na vitunguu na joto la kukausha mate. Ghala lilikuwa katikati ya mteremko, na Mchome mwenyewe alilala hapo hapo, kwenye chumba cha mbele. Wenye midomo walisema alilala pale ili asigombaniwe. Yeye alisema alilala pale ili asipendelee.

Na tumwamini, maana Mchome hakuwa mtu mbaya. Hili lieleweke mapema, kwa kuwa wapo watu ambao hadithi haiwaingii mpaka wamempata mwizi. Baba yake alioa wake watatu akampenda mmoja, yule wa mwisho mwenye mwanya, na watoto wa nyumba nyingine wakakua kwa makombo. Mchome alikuwa mmoja wa hao wa makombo. Alipokuwa mtu mzima akaapa kwamba katika mji wake hakuna atakayekula kwa kupendwa. Kila kilichovunwa, cha juu na cha chini, kililetwa ghalani, na kila Ijumaa asubuhi alikigawa kwa kipimo kimoja tu, nacho ni vinywa. Nyumba yenye vinywa vingi ilipata kingi, yenye vichache ilipata kidogo. Na ili asizungukwe na maneno ya wanawake, Alhamisi jioni alipita nyumba zote mbili, asiulize kitu, akatazama kichanja cha vyombo. Sahani zilizooshwa na kuanikwa pale ndizo alizozihesabu. Mke anaweza kusema uongo, alisema, lakini sahani haina mdomo.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Nyumba ya Bi Nakijwa ilijaa watu: watoto wake, wake za wanawe, wajukuu, na mashangazi wawili wazee waliokuja kusalimia wakasahau kuondoka. Jioni kichanja chake kilielemewa na vyombo mpaka miguu yake ikapinda. Bi Nakijwa alilalamika mchana kutwa juu ya kelele, kama walalamikavyo watu wenye neema, na alipolala alisikia pumzi za watu kutoka chumba hadi chumba, usingizi ukamjia mara moja.

Kisha mwanawe wa kwanza, Mbonea, akashuka. Hakushuka kwa uasi. Mvua za masika zilikuwa zimetoboa bati juu ya kitanda chake, naye akaenda ghalani kumwomba baba yake bati moja. Baba akamjibu kwa haki kabisa kwamba bati la mwaka huo limepangiwa kule kunakolala wengi, na wengi wakati ule walikuwa chini, ingawa hawakuzidi sana. Mbonea alikuwa na mtoto mchanga. Angefanyaje, amfunike mtoto kwa kawa? Alikunja godoro, akachukua mke na mtoto, akashuka kuliko na bati. Alhamisi iliyofuata sahani za juu zilipungua na za chini zikaongezeka, na Ijumaa Mchome akalihamisha fungu lao, kama kipimo kilivyotaka.

Sasa sikilizeni kitu ambacho Mchome hakukiona, maana hakuwahi kupika. Kuni za kuivisha maharage ya watu wachache ni zile zile za kuivisha ya watu wengi. Mfereji unaoleta maji nyumbani huziba majani yale yale, wanywaji wawe kundi au wawe wawili, na jembe la kuuzibua halipungui uzito. Waliobaki juu wakawa wanafanya kazi ya wengi kwa chakula cha wachache. Mtoto wa pili akavumilia, akavumilia, akashuka. Mashangazi wakakumbuka ghafla kwamba wana kwao. Taa ya sola iliyokuwa sebuleni kwa Bi Nakijwa Mchome akaihamishia chini, kwa kuwa chini kulikuwa na macho mengi ya kusoma. Kipande cha njia cha kutoka ghalani kwenda chini akakilima kikawa kipana, kwa kuwa wapitaji walikuwa wengi. Kipande cha kwenda juu kikamea nyasi mpaka kiunoni, na mwenye kutaka kupanda kumsalimu mama yake alitazama zile nyasi, akawaza nyoka, akasema nitakwenda wiki ijayo.

Kila jambo, ukilitazama peke yake, lilikuwa la haki. Hapo ndipo ugumu wake ulipo.

Ikafika mahali juu wakabaki watu wawili: Bi Nakijwa na kitindamimba wake Hidaya, mtu mzima aliyekwisha kuolewa na kuachika, na ambaye alikuwa ameapa kutoambiwa tena na mtu yeyote pa kulala. Vyumba vya nyuma vilifungwa. Popo wakahamia, na hao angalau walikuja bila kuitwa. Majirani wakaanza kusema nyumba ya Bi Mkubwa imepoa. Jirani mmoja, Mama Kiondo, mwanamke asiyeweza kubeba neno moja kutoka kisimani hadi nyumbani bila kulimwaga njiani, alikuja kuomba chumvi akatoa na ushauri.

"Wewe Nakijwa, nikwambie ukweli?"

"Hata nikikataa utaniambia."

"Watoto hawakimbii mama bure. Mwenzio kule chini wanamiminika. Jiulize ana nini."

Bi Nakijwa alimpa chumvi, akamfungulia mlango. Lakini neno lile halikutoka na mwenyewe. Lilibaki jikoni, likakaa kwenye kigoda. Siku hizo alianza kujiuliza kweli kweli kama alikuwa mkali mno, kama chakula chake kilikuwa na ladha mbaya na watu wakamficha, kama mlima wenyewe ulikuwa na mkosi. Mtu akiachwa na mmoja humlaumu aliyemwacha. Akiachwa na wengi hujilaumu mwenyewe. Na hilo lilimchosha kuliko njaa, ingawa njaa nayo ilikuwepo, maana fungu la Ijumaa sasa lilikuwa la kuingia kwenye kitambaa cha kichwa.

Alhamisi moja akaamka na kufungua sanduku. Mlikuwa na sahani za wote walioondoka, alizokuwa amezifunga kwa khanga kuukuu. Akazitoa, akaziosha, akazianika kwenye kichanja.

Hidaya akatoka na ndoo. "Mama, hizi za nani?"

"Za wenyewe."

"Wenyewe si wako chini?"

"Sahani hazijui."

Hidaya akaiweka ndoo chini, akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akachukua moja iliyobaki na tone la povu akaisuuza vizuri. Jioni Mchome akapita. Akatazama kichanja, akakohoa, akaenda zake. Kesho yake fungu likapanda mlimani likiwa zito, na mbebaji akauliza ni sherehe gani. Mama Kiondo akapita akachungulia, asione mtu. Kabla jua halijatua, ukingo mzima wa mlima ulikuwa umekwisha kuarifiwa kwamba Bi Mkubwa analisha mizimu.

Mwizi angekificha chakula kile. Bi Nakijwa alikigawa. Na kila Jumamosi Hidaya alijitwisha kikapu cha ndizi na maharage, akapita nyuma ya ghala kwa kuinama kati ya migomba, akakishusha mpaka kwa Bi Zubeda.

Mtu atauliza, huko chini si ndiko kulikokuwa na fungu kubwa? Lilikuwepo, ndiyo. Lakini nyumba ya Bi Zubeda ilijengwa kwa watu wa kiasi, na sasa watoto walilala miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule, kama dagaa kwenye ungo. Choo kilikuwa kimoja na foleni yake ilianza alfajiri. Chungu kilikuwa kile kile. Unga uliongezeka lakini hakikuongezeka chungu, basi wenye mikono mirefu walishiba na wenye mikono mifupi walikwangua ukoko. Mtoto wa Mbonea alikuwa wa ukoko. Bi Zubeda mwenyewe, aliyekuwa anasifiwa kwa kuimba, sauti ilikuwa imekwisha kwa kuamua ugomvi. Watu walimwonea wivu kwa wingi wake. Yeye alikuwa anatamani kuketi tu, pasiwe na mtu anayemwita.

Kikapu cha juu kilipofika hakuuliza kimetoka wapi. Aliwaita wale wa mikono mifupi nyuma ya nyumba, akawalisha kwanza.

Jumamosi moja mvua ikanyesha, nyuma ya ghala kukawa tope, Hidaya akapita mbele akateleza, na kikapu kikamwagika pale pale mbele ya mlango wa ghala. Mchome akatoka na kiko chake. Akayaona maharage, akayatambua. Ni maharage aliyoyapima jana yake kwa mkono wake mwenyewe, na sasa yanashuka. Hakupiga kelele. Alimsaidia binti yake kuokota, punje kwa punje, na walipomaliza alikuwa amekwisha kuelewa habari ya zile sahani.

Jumatatu akapanda mlimani kupitia nyasi, akasimama mlangoni kwa mke wake mkubwa.

"Umenidanganya," alisema.

"Ndiyo," akajibu Bi Nakijwa.

"Basi nyumba hii nitaifunga. Mabati yatang'olewa yapelekwe chini, na wewe na Hidaya mtashuka. Mtapewa kona. Nyumba ya watu wawili inakula njia, inakula mabati, inakula mfereji. Si adhabu, mama Mbonea. Ni hesabu tu."

Angemtukana, Bi Nakijwa angejua la kufanya. Lakini aliyasema kwa upole, kama mtu anayekuambia kwamba mgonjwa wako hatapona. Akamtajia siku ya fundi kuja, akaondoka. Bi Nakijwa akaingia ndani, akaanza kufunga vitu, akafungua, akafunga tena. Alipolifikia jiko akashindwa. Mafiga hayafungiki kwenye khanga. Ungeyabeba mawe yenyewe, na bado ungeuacha pale ule weusi wa sakafu ulioachwa na moto wa miaka yote, moto ambao tangu alipoolewa haukuwahi kuzimika wote. Kila asubuhi alilikuta kaa moja hai chini ya majivu. Akaketi mbele yake. Sasa angekuwa mgeni kwenye kona ya nyumba ya mtu, akisubiri zamu ya kupika.

Siku ya fundi majirani walimaliza kazi zao mapema. Mama Kiondo alikuja na kigoda chake kabisa. Na walipomwona Bi Zubeda anapanda kwenye nyasi, khanga ameifunga kiunoni, jasho linamtiririka, wakatazamana kwa furaha. Wake wenza hawa kwa miaka yote walikuwa wakisalimiana kwa kutuma watoto. Wengine walikwisha kuamua nani ataanza kumshika mwenzake.

Bi Zubeda akapita katikati yao, akaketi kizingitini ubavuni mwa Bi Nakijwa, akaomba maji. Akanywa. Kisha akamwelekea mume wao, kwa ile sauti yake iliyokwisha.

"Mzee, huyu dada ukimshusha utamlaza wapi? Juu yangu?"

Watu wakacheka. Mchome hakucheka.

"Chini ndiko kwenye watu," alisema. "Ndiko kwenye fungu. Umekuwa ukipokea zaidi kila Ijumaa, sijakusikia ukilalamika."

"Nani angenisikia, na sauti nilishaipoteza? Kila Ijumaa unaniongezea unga. Hujawahi kuniongezea ukuta. Unadhani umenijaza, kumbe umenimwagia. Na vile vikapu unavyoviita wizi ndivyo vimekulishia mjukuu wako."

"Haya," alisema Mchome, "leo wezi wamepata na wakili." Lakini alilisema polepole, na macho yake yalikuwa kwa mke mkubwa. Fundi alikuwa amekwisha kupanda ngazi, msumari wa kwanza ameulegeza. "Na wewe? Una neno, ama tuendelee?"

Bi Nakijwa alikuwa na maneno mengi. Tangu Jumatatu alikuwa ameyapanga: kwamba vitovu vya watoto wote wa Mchome wa nyumba ile vimezikwa kwenye migomba ile, kwamba tangawizi inayojaza ghala haioti tambarare, kwamba yeye ndiye aliyeolewa wa kwanza. Yote yalikuwa ya kweli. Aliposimama akaona yote ni madai, na mume wake alikuwa mtu wa kupima madai. Akayaacha.

"Siombi walioshuka wapandishwe," alisema. "Naomba anayebaki asilale njaa kwa kosa la kubaki."

Mchome alifumbua mdomo ajibu kwa kipimo chake, akaanza na vinywa, akasita, akaanza na mabati, akasita. Kwa mara ya kwanza tangu alipoapa ile ahadi ya ujana wake aliona kwamba kipimo chake kilihesabu walipo watu, lakini hakikuwahi kuuliza kwa nini wapo pale. Na kwamba Alhamisi alidhani anasoma matokeo, kumbe alikuwa anayapika yeye mwenyewe Ijumaa. Alimwambia fundi arudishe ule msumari.

Mambo yaliyofuata hayakuwa ya miujiza. Ijumaa iliyokuja, kabla ya kuhesabu kinywa chochote, Mchome alitenga kwanza fungu la moto kwa kila nyumba, iwe na watu wengi au wawili: la kuni, la kuzibua mfereji, la kuzuia mvua. Kilichobaki ndicho alichokigawa kwa vinywa kama zamani, maana vinywa navyo vina haki. Kwa Bi Zubeda alipeleka matofali badala ya kuzidisha magunia, zikajengwa kuta mpya na choo cha pili, na baada ya muda watu wa barabarani wakasikia mtu anaimba tena wakati wa kutwanga. Njia ya juu akaifyeka. Bi Nakijwa naye alimshangaza: mwenyewe aliomba vile vyumba vya nyuma vibomolewe. Mabati yake yakaziba matundu ya vyumba vya mbele, na pale walipolala mashangazi akapanda tangawizi, ikastawi vizuri kuliko ya shambani. Nyumba ikawa ndogo, kavu, yenye moto. Nyumba iliyopungua si nyumba iliyokufa, na mwenye kuipenda hujua kuikata kama khanga, akapata mtandio.

Mbonea hakurudi. Alikuwa amekwisha kuota mizizi kwenye vitunguu, na mama yake hakumnunia. Ila mkewe alipopata ujauzito wa pili alipanda kujifungulia kwenye baridi, akakaa mpaka mtoto akajua kucheka. Na wajukuu wawili waliokuja kumtazama mtoto walipoambiwa washuke wakajificha mgombani. Walipanda waliotaka na wakashuka waliotaka, kwa kuwa sasa njaa haikuwa nyuma ya yeyote ikimsukuma. Mchome naye bado hupanda Alhamisi, na wenye midomo wanasema siku hizi anachelewa sana kushuka. Hayo tuwaachie wenyewe.

Basi ninyi mliokabidhiwa funguo za ghala, mnaosema watu wamependa wenyewe kuhama, semeni: fungu la mtu likiondoka kwanza, naye akalifuata kwa sababu ana mtoto, ni nani hapo aliyehama?